Mwongozo wa kuvua kwa mshipi ukiwa botini na kumrudisha samaki majini akiwa salama

Karibu kila anayeanza kuvua kwa mshipi katika ziwa au mto kwa ajili ya burudani huuliza maswali yaleyale: kwa nini samaki niliyemwachia vizuri ameonekana akielea tumbo juu baada ya nusu saa, nimshike wapi bila kumwumiza, ndoana iliyomezwa nitaitoaje, na nikae vipi botini ninapomwopoa samaki mkubwa? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mwendo wa safari moja, tangu boti ikiwa nchi kavu hadi inaporudi.

Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni kwamba samaki anayeachiwa huokolewa au huuawa na maamuzi yaliyofanywa kabla hajagusa chambo: nguvu ya mshipi, aina ya ndoana, kina na joto la maji, hata mahali ulipoweka koleo. Samaki anayechomoka mikononi kwa nguvu hajathibitisha kwamba atapona, kwa sababu wengine hufa saa kadhaa baadaye wakiwa chini, mahali ambapo mvuvi hawaoni.

Mambo ya kuthibitisha kabla ya kutoka

Zisome kwanza kanuni za maji unayokwenda kuvua, kwa kuwa leseni, msimu uliofungwa, ukubwa wa samaki anayeruhusiwa na aina ya chambo hutofautiana kutoka ziwa moja hadi jingine. Usidhani kwamba kumwachia samaki kunakubalika kila mahali. Nchini Uswisi, kwa mfano, sheria ya ulinzi wa wanyama hairuhusu mtu kwenda kuvua kwa nia ya kuwaachia samaki wote anaowapata. Kwingine ni marufuku kumrudisha majini samaki wa aina ngeni inayoharibu wenyeji wa ziwa. Ikiwa kanuni zinakutaka umchukue samaki, sehemu kubwa ya hatua zilizo hapa chini haikuhusu, ila zile za usalama wa boti zinabaki vilevile.

Pili, pima joto la maji. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto: lita moja ya maji baridi yenye nyuzi 10 za Selsiasi inaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni, lakini ikifika nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 tu. Samaki aliyepambana na mshipi anahitaji oksijeni nyingi mara moja, na katika maji ya moto haipati. Trauti, ambaye ni samaki wa maji baridi, asivuliwe kwa nia ya kuachiwa maji yakizidi nyuzi 20. Sato na kambare huvumilia joto zaidi, lakini hata kwao ni afadhali uvue alfajiri kuliko mchana wa jua kali.

Tatu, sikiliza utabiri wa hali ya hewa, kisha mwachie mtu wa nchi kavu maelezo ya unakokwenda, idadi ya watu waliomo botini na saa ya kurudi. Mweleze pia afanye nini saa hiyo ikipita bila kukuona.

Vifaa unavyohitaji

- Jaketi okozi moja kwa kila mtu, la saizi yake. Nguvu ya jaketi ya kumwelesha mtu hupimwa kwa nyutoni: la nyutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Kwa matembezi ya kawaida ziwani chagua la nyutoni 100 au zaidi, kwa sababu limeundwa kumgeuza mtu uso juu katika maji yaliyotulia.
- Makasia au makafi, hata kama boti ina injini; nanga na kamba ndefu; ndoo ndogo ya kutolea maji yanayoingia botini; filimbi; taa; na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Ufito na rili (gurudumu la kuzungushia mshipi) vyenye nguvu inayolingana na samaki unayemtarajia.
- Ndoana zisizo na kijino, yaani kile kichomozo kidogo kilicho nyuma ya ncha, pamoja na ndoana za duara (ambazo ncha yake imepinda kuelekea shina) ikiwa utatumia chambo halisi.
- Chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, zisizo za risasi.
- Wavu wa kuopolea wenye matundu ya mpira, usio na mafundo.
- Koleo lenye mdomo mrefu, na kikata waya kinachoweza kukata ndoana yenyewe.
- Kipimajoto cha maji, na sanduku la huduma ya kwanza.

Kuhusu chubwi, nasisitiza zisiwe za risasi kwa sababu ndege wa majini humeza vipande vilivyopotea wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula tumboni, na risasi huwaua kwa sumu. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi za risasi mwaka 1987 baada ya bata maji wengi kufa kwa namna hiyo. Chubwi za bati au tungsteni hufanya kazi ileile.

Kuhusu wavu, ule wa nyuzi zenye mafundo hukwangua magamba na kuondoa ute unaofunika ngozi ya samaki. Ute huo ndio kinga yake dhidi ya kuvu na bakteria. Kama fedha zako zinatosha kifaa kimoja kizuri tu, nunua wavu wa mpira kabla ya kufikiria rili ya kifahari.

Hatua kwa hatua

1. Vaa jaketi okozi ungali nchi kavu, ulifunge mikanda yote, na usilivue hadi utakaporudi. Taarifa za kila mwaka za Walinzi wa Pwani wa Marekani hurudia jambo lilelile: wengi wa wanaofariki katika ajali za boti huzama, na zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliozama hawakuwa wamevaa jaketi. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halikusaidii, kwa kuwa anayeanguka majini haanguki kwa taarifa, na ndani ya maji yenye mawimbi ni vigumu sana kulivaa.

2. Pakia boti kwa mizani. Vitu vizito vikae chini na katikati, na uzito wa watu na mizigo usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye boti. Kama boti haina maandishi hayo, angalia ukingo wake baada ya kila mmoja kuketi. Ikiwa maji yamekaribia ukingo hata kabla ya upepo kuanza, mtu mmoja au mzigo mmoja ubaki pwani. Funga ndoana zote kwenye fito, na weka koleo, kikata waya na wavu mahali ambapo mkono wako utavifikia bila wewe kuinuka. Katika boti yangu koleo hufungwa kwa kamba fupi kwenye kiti changu, na halihamishwi kwa sababu yoyote.

3. Kama unatumia injini, jifunge kamba ya kuzimia injini kabla ya kuiwasha. Kamba hii huzima injini papo hapo dereva anapoanguka, na bila hiyo boti huendelea kuzunguka yenyewe huku rafadha (pangaboi la injini) ikimkaribia aliye majini. Anza safari kwa kuelekea upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Injini ikigoma au mikono ikichoka, upepo utakusaidia kurudi. Ukianza kwa kwenda demani, yaani unakoelekea upepo, utalazimika kurudi dhidi ya upepo ukiwa tayari umechoka, na mara nyingi upepo wa mchana huwa mkali kuliko wa asubuhi.

4. Chagua mahali pa kuvua kwa kuangalia kina. Samaki wengine, kama sangara na sato, wana kibofu cha hewa kilichofungwa, kisicho na njia ya kupumulia kupitia kooni. Akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa iliyomo hutanuka, tumbo hujaa, macho hutokeza, na samaki hushindwa kurudi chini. Trauti na jamaa zake wana mfereji wa kutolea hewa hiyo, hivyo hawaathiriki kwa kiasi kilekile. Ikiwa nia yako ni kuwaachia samaki wa kundi la kwanza, usivue kwenye kina kinachozidi mita 10. Huu ndio ushauri unaopuuzwa zaidi na wavuvi wa burudani, nami naona ndio unaookoa samaki wengi kuliko ufundi wowote wa mikono.

5. Tia nanga kutoka omo (mbele ya boti), kamwe si kutoka tezi (nyuma yake). Boti iliyofungwa nanga nyuma huelekeza upande wake wa chini kwenye mawimbi au mkondo, na inaweza kujaa maji kwa muda mfupi sana. Achia kamba yenye urefu wa mara tano hadi saba ya kina cha maji, ili nanga ivutwe kwa ulalo na kushika vizuri. Katika mto wenye mkondo mkali, anayeanza asitie nanga kabisa. Avue akiwa ukingoni.

6. Andaa ndoana. Ikiwa ndoana ulizo nazo zina kijino, kibane kwa koleo hadi kilale kabisa, kisha ichome kwenye kitambaa na uivute: ikitoka bila kukwama, iko tayari. Chambo bandia kinachouzwa kikiwa na ndoana za ncha tatu kibadilishie ndoana moja moja, kwa sababu ndoana ya ncha tatu humshika samaki mdomoni na pia jichoni au kwenye matamvua (viungo vyake vya kupumulia), na humchelewesha anayeitoa. Ukitumia chambo halisi, kama minyoo, tumia ndoana ya duara. Samaki humeza chambo halisi kwa kina zaidi kuliko chambo bandia, lakini ndoana ya duara huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa mdomo.

7. Funga fundo vizuri. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uuzungushe mara tano au sita kwenye mshipi wenyewe, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichotokea, na ukaze polepole baada ya kulilowesha fundo kwa maji au mate. Fundo likikazwa kavu hupata joto na kudhoofisha mshipi, na hapo ndipo unapokatikia. Breki ya rili iweke ianze kuteleza kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Unaweza kuipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza.

8. Tupa mshipi ukiwa umeketi, baada ya kutazama nyuma. Mtu mmoja atupe kwa wakati mmoja, na wengine wajue kwamba anatupa. Tazama juu pia, kwa sababu fito nyingi za kisasa hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme. Usivue chini ya nyaya za umeme, na ukisikia radi laza ufito chini na urudi nchi kavu. Usirudi majini hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

9. Samaki anapouma, fuata aina ya ndoana. Kwa ndoana ya kawaida, inua ufito kwa wepesi bila kuchelewa, kwa kuwa kila sekunde unayosubiri humpa samaki nafasi ya kumeza. Kwa ndoana ya duara usikwanyue hata kidogo. Zungusha rili tu hadi mshipi ukaze, na ndoana itajishika yenyewe. Wanaolalamika kwamba ndoana za duara hazishiki huwa karibu wote wanakwanyua ufito kwa mazoea.

10. Mlete samaki haraka. Wapo wanaotumia mshipi mwembamba mno ili pambano lirefuke, na wanaona kwamba huko ni kumpa samaki haki yake. Mimi napinga desturi hiyo. Misuli ya samaki anayepambana kwa muda mrefu hujaa asidi, oksijeni ya damu hushuka, na anapofika kwenye boti nguvu za kujirudisha katika hali yake zimekwisha. Tumia mshipi wenye nguvu inayotosha kummaliza pambano kwa dakika chache, weka ufito wa ulalo badala ya wima ili umgeuze, na usiulegeze mshipi, hasa kwa kuwa ndoana yako haina kijino.

11. Mwopoe ukiwa umepiga magoti, si umesimama. Boti ndogo hupinduka kwa urahisi wakati huu, watu wote wanapokimbilia upande mmoja kumwona samaki. Kabla hajafika, waambie wenzako wabaki walipo, na mmoja aegemee upande wa pili. Zamisha wavu kwanza, mwongoze samaki aingie kwa kutanguliza kichwa, kisha uinue ukingo wa wavu tu, samaki mwenyewe akiwa bado majini. Usimfukuze kwa wavu kutoka nyuma, kwani akiguswa mkia hupata nguvu mpya na kukimbia.

12. Toa ndoana samaki akiwa ndani ya maji. Lowesha mikono kwanza, na kama umejipaka dawa ya mbu au mafuta ya kuzuia jua, isuuze vizuri kabla ya kumgusa. Usitumie taulo wala glavu kavu. Shika shina la ndoana kwa koleo, uisukume nyuma kwa njia ileile iliyoingilia, na itatoka. Kazi yote huchukua sekunde chache ikiwa kijino kimebanwa na koleo liko mahali pake.

13. Picha, ikiwa lazima, iandaliwe kabla. Mpiga picha awe tayari, kamera iwe imewashwa, na samaki ainuliwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo karibu na kifua na mwingine kwenye shingo ya mkia. Ashikwe kwa ulalo, juu ya maji, karibu na uso wa maji, ili akiponyoka aangukie majini na si kwenye sakafu ya boti. Usitie vidole kwenye matamvua, na usimning'inize samaki mzito kwa taya, kwa kuwa ndani ya maji mwili wake hubebwa na maji, nao haukuumbwa kubebwa na mdomo. Muda usizidi sekunde 10.

Hapa naomba nitue kidogo, kwa sababu sekunde hizo 10 huonekana kwa wengi kuwa ukali usio na msingi. Mwaka 1992, watafiti Ferguson na Tufts walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa trauti. Kati ya samaki waliochoshwa bila kutolewa majini, asilimia 88 walikuwa hai baada ya saa 12. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani kwa sekunde 30, asilimia 62 ndio waliobaki. Na waliowekwa hewani kwa sekunde 60, ni asilimia 28 tu. Trauti ni samaki laini, na si kila samaki hufa kwa kiwango hicho. Kambare, kwa mfano, ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa na huvumilia zaidi. Hata hivyo mwelekeo ni uleule: vitanzi vyembamba vya matamvua hushikamana vinapokosa maji, na samaki aliyetoka tu kupambana hunyimwa pumzi katika wakati anaoihitaji zaidi. Hesabu sekunde kwa sauti, au ushikilie pumzi zako tangu anapotoka majini. Ukihisi haja ya kupumua, yeye amekwisha kuzidiwa.

14. Mpime kabla ya kumwachia. Akiwa majini, mgeuze taratibu tumbo juu: samaki mwenye nguvu hujigeuza ndani ya sekunde tatu hivi. Mshike kidogo mkia: mwenye nguvu hujaribu kukimbia. Mlaze ubavu kidogo na utazame jicho: la mwenye nguvu huzunguka kufuata usawa wake wa kawaida, na la aliyezidiwa hubaki limeganda. Akishinda vipimo hivi, fungua mikono mara moja, kwani kumshikilia zaidi ni kumchosha bure.

15. Asiyeshinda vipimo mpe muda. Mshike wima kwa ulegevu, mkono mmoja chini ya tumbo, mdomo ukielekea mkondo unakotoka. Katika ziwa tulivu, msogeze mbele polepole kwa mzunguko unaofanana na namba nane. Kosa ambalo huonekana mara nyingi ni kumsukuma mbele na kumvuta nyuma kama anayesuuza nguo. Maji ya matamvua yanatakiwa yaingie mdomoni na kutokea ubavuni, na kumvuta kinyumenyume huvuruga mwendo huo. Subiri hadi aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Usimtupe kutoka juu.

16. Ukifika nchi kavu, safisha boti kabla ya kuihamishia maji mengine. Ondoa majani na tope kwenye nanga, rafadha na trela. Mwaga maji yote yaliyomo ndani ya boti na injini. Kisha kausha kila kitu, pamoja na wavu na viatu. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, limeenea katika maziwa na mito ya mabara kadhaa kwa mikono ya watu, na vimelea vya magonjwa ya samaki husafiri ndani ya tone la maji. Usimwage chambo hai kilichobaki. Vipande vya mshipi virudi nyumbani nawe, kwa kuwa nailoni haiozi upesi na huwanasa ndege miguu.

Mambo yakienda kombo

Ndoana imemezwa na haionekani. Usiichokonoe. Kata mshipi karibu iwezekanavyo na mdomo, umwachie. Samaki walioachwa na ndoana ndani hupona kwa kiwango kikubwa kuliko waliong'olewa kwa nguvu, na wengi huitoa wenyewe baada ya muda. Kwa sababu hii epuka ndoana za chuma kisichoshika kutu. Ikiwa samaki wawili mfululizo wamemeza, badilisha ndoana au chambo, au usikawie tena kuinua ufito.

Samaki anatoka damu kwenye matamvua. Uwezekano wa kupona ni mdogo. Kama kanuni zinakuruhusu kumchukua, muue mara moja kwa pigo la kichwani na umtumie kama kitoweo; kama haziruhusu, mrudishe bila kuchelewa. Kuna wanaomwagia matamvua soda wakidai huzuia damu, lakini majaribio yaliyofanywa kwa samaki aina ya paiki hayakuonyesha faida yoyote.

Samaki amevimba na anaelea. Ametoka kina kirefu. Mfuko unaotokeza mdomoni ni tumbo lake lililosukumwa na hewa, kwa hiyo usilitoboe. Mshushe kwa kreti iliyogeuzwa chini juu na kufungwa uzito na kamba: samaki huwa ndani yake, akishuka nayo hewa hubanwa tena, naye hutoka mwenyewe kupitia upande ulio wazi. Kisha hamia maji ya kina kifupi, kwa sababu wa pili na wa tatu watakuwa vivyo hivyo.

Samaki wanaponyoka tangu nilipobana kijino. Tazama mshipi wako wakati anaporuka au kukukimbilia. Karibu kila mara huwa umelegea. Ufito ubaki umepinda kidogo muda wote, na rili ifuate mwendo wake.

Ndoana imekwama chini. Usivute kwa ufito, utauvunja, na usiuzungushe mshipi mkononi, utakukata. Peleka boti upande wa pili wa kikwazo na uvute kutoka huko. Ikishindikana, uzungushe mshipi kwenye kipande cha mti na uukate kwa kuuvuta taratibu, uso wako ukiwa umegeukia pembeni.

Ndoana imemchoma mtu. Isiyo na kijino, ikiwa imeingia mkononi kwa kina kidogo, hutoka kwa njia iliyoingilia. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, na uthibitishe kwamba chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Ikiwa imeingia jichoni, usoni karibu na jicho au shingoni, kata mshipi, iache ndoana ilipo, ikinge isiguswe, na umpeleke mtu hospitalini.

Mtu ameanguka majini. Zima injini kwanza. Mtupie kitu kinachoelea au mnyoshee kasia, na usijitose kumfuata. Katika maji baridi sana atashtuka na kuhema kwa takriban dakika moja. Mwambie aelee tu hadi pumzi zitulie, kwa kuwa baada ya hapo atakuwa na kama dakika 10 ambazo mikono yake bado inamtii. Mpandishe kupitia tezi, injini ikiwa imezimwa, huku wengine wakikaa omo kusawazisha uzito.

Boti imepinduka. Bakini nayo nyote, shikeni ukingo, na mpulize filimbi. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na boti iliyopinduka huonwa na waokoaji kwa urahisi zaidi kuliko kichwa cha mtu.

Upepo umepanda ghafla. Kusanyeni mishipi, ketini chini sakafuni, ng'oeni nanga, na muyaelekee mawimbi kwa omo, kwa pembe kidogo na mwendo mdogo, hadi mfike kwenye ghuba au ufuo wa karibu, hata kama si ule mliotokea. Nanga ikigoma kung'oka, ikateni kamba yake.